Mwenye wimbo ni nani, mtunzi au mpigaji?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: wimbo wa zamani ukipigwa upya hadi watu wakausahau ule wa kwanza, mwenye wimbo ni nani? Swali limenigusa, maana najua majibu mengi yataishia kwenye karatasi za hakimiliki. Mimi naona tuanze nyuma kidogo: mpigaji akiyaacha mahadhi, mtunzi anabaki na nini ndani ya wimbo?

Chukueni "Body and Soul", wimbo wa Kimarekani unaopendwa sana na wapiga jazi. Johnny Green aliutunga akiwa kijana wa miaka 21, maneno wakayaandika Edward Heyman, Robert Sour na Frank Eyton, na aliyekusudiwa kuuimba ni mwigizaji wa Uingereza, Gertrude Lawrence. Mwaka 1930 ulisikika London, kisha Libby Holman akauimba jukwaani New York, na mwaka huohuo Louis Armstrong akaurekodi.

Halafu ikaja 11 Oktoba 1939. Coleman Hawkins, aliyekaa Ulaya miaka mitano, anaingia studio New York na saksofoni yake ya tenor. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu tu. Gene Rodgers anafungua kwa piano, Hawkins anapokea. Vipimo viwili vya mwanzo (kila kipimo ni mapigo manne) unautambua wimbo. Baada ya hapo mahadhi ya Green hayarudi kamili hata mara moja. Anauzunguka wimbo mara mbili, vipimo 64, yeye peke yake mbele. Mzunguko wa pili wapuliza wenzake wanamwekea sauti ndefu za chini kwa nyuma, naye anazidi kupanda, pumzi nzito, hadi karibu na mwisho ndipo anafika kileleni. Kwa sisi watu wa dansi, ni kama bendi iruke beti zote ianzie kwenye chemko. Na watu wakainunua, tena kwa wingi!

Sasa kwa nini Hawkins hakupotea, akiwa ameyaacha mahadhi? Wimbo una vipimo 32: nane, vilevile nane tena, nane vya kati, kisha nane vya mwanzo vinarudi. Ufunguo, yaani nyumbani kwa wimbo, ni D-flati meja, lakini kordi ya kwanza (noti kadhaa zinazolia pamoja) ni E-flati maina, yenye sauti ya huzuni, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapodanganyika, wanaupiga wote kama wimbo wa maina. Sehemu ya kati inaruka nusu toni juu, D meja. Kwa mpiga tenor, vidole vinatoka kwenye flati tatu (noti zilizoshushwa nusu toni) kuingia kwenye sharpu nne (zilizopandishwa nusu toni) ghafla. Vipimo vinne baadaye unashuka C meja, halafu kordi tatu zinateremka ngazi moja moja, C saba, B saba, B-flati saba, zikurudishe nyumbani. Anayeharakisha ngazi hizo anatua kabla ya bendi, na kila msikilizaji anaona. Dawa ni kupiga noti ya chini ya kila kordi peke yake, polepole, mpaka sikio lenyewe lidai inayofuata.

Nilipoanza kuandika nilikuwa upande wa Hawkins moja kwa moja. Lakini hizo ngazi alizikuta, hakuzijenga. Kila alipokwenda mbali, njia ya kurudi ilikuwa ya Green. Kwa hiyo nasema mwenye wimbo ni mtunzi, ila kwa nyimbo zenye mifupa ya kordi ya namna hii. Ule wa kordi tatu zinazojulikana na kila mtu, mahadhi yakitoka, sioni mtunzi atadai nini. Na hata hapa, santuri ya 1939 yenyewe siwezi kuiita ya mwingine zaidi ya Hawkins.

Anayebisha aiweke santuri hiyo, aimbe kimoyomoyo wimbo wa Green juu yake kuanzia Hawkins anapoingia. Vitakwenda sambamba mpaka kipimo cha 64.