Anza na Hanuman, na karatasi pembeni

Dada yangu, umesema mwanao wa miaka 7 anasinzia kila ukimsomea Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha dini ya Kihindu. Usimlaumu, beti zile 700 ni nzito hata kwa mtu mzima. Iache kwanza. Anza na Ramayana, utenzi wa mwanamfalme Rama, tena pale Lakshmana, mdogo wake, amejeruhiwa vitani na dawa iko mlimani. Hanuman, shujaa mwenye umbo la nyani, haitambui dawa hiyo, basi anaung'oa mlima mzima na kuruka nao. Hapo hapo funga kitabu, mpe karatasi achore.

Mfundishe mtindo wa Madhubani, sanaa ya akina mama wa Mithila huko Bihar, India, eneo ambalo simulizi zinasema ndiko alikozaliwa Sita, mke wa Rama. Walizoea kuchora kwenye kuta za udongo. Ukame wa miaka ya 1960 ndio uliowahamishia kwenye karatasi, wapate cha kuuza. Mstari huchorwa mara mbili, kisha katikati hujazwa vistari vidogo vidogo. Jicho huwa kubwa, lenye umbo la samaki. Rangi unazo jikoni: manjano ya unga na masizi ya sufuria. Wangu alijaza mkia wa Hanuman jioni nzima, akaniuliza, "Kwani Rama alimwambia nini aliporudi?" Swali kama hilo likija, fungua kitabu umsomee.