Mzee wa Mpakani: Fundi wa Busia anataka kufungua Arusha

*Shikamoo mzee. Ni Mkenya wa Busia, miaka 24. Natengeneza simu: vioo, chaji, mpaka bodi. Rafiki yangu Mtanzania yuko Arusha, ananiambia nije tufungue pamoja, leseni itoke kwa jina lake. Si Afrika Mashariki ni soko moja? – Fundi, Busia*

Marahaba mwanangu. Usipande basi bado.

Kuhusu soko hujakosea. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na imeandika haki ya mfanyakazi kuvuka kufuata ajira na haki ya mtu kufungua biashara kwa jirani. Ila nyuma ya itifaki kuna majedwali, na kila nchi ilijaza la kwake: nafungua kazi za kundi hili, kuanzia tarehe hii. Ukiyasoma utaona Tanzania ilitanguliza wataalamu wenye vyeti. Fundi wa mtaani hakuwa na mtu wa kumsemea mezani.

Halafu likaja la Julai 2025. Serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, na kutengeneza simu kumetajwa humo. Wametajwa pia mawakala wa kutuma pesa kwa simu, saluni (isipokuwa za hotelini au za kitalii), waongoza watalii na madalali. Wengi walidhani walengwa ni wageni wa mbali waliojaza maduka ya Kariakoo, Dar. Lakini amri inasema asiye raia, na jirani naye si raia. Kenya ililalamika waziwazi, na kwa maoni yangu ilikuwa na hoja, japo mwenye meza Kariakoo namwelewa pia.

Adhabu yake si ya kuchezea: faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Huyo rafiki wa kukuazima jina naye ana fungu lake, kwani raia anayemsaidia mgeni katika biashara hizo anaweza kupigwa faini ya milioni 5 au kufungwa miezi 3. Mwambie kabla hajalipia fremu ya duka.

Nimefanya uwakala wa forodha Namanga miaka mingi, na vijana kama wewe nawajua kwa mabegi. Afisa anauliza, "Unakwenda kufanya nini?" Kijana anajibu, "Kutembea tu," huku begi linalia bisibisi na mashine ya kupulizia joto imetokeza kishikio. Anagongewa muhuri wa mgeni, ambao kwa raia wa Jumuiya unaweza kufika miezi 6, anatoka akiwa na furaha kama aliyepewa kibali cha kazi. Muhuri ule ni wa kutembea kweli. Siku akikutwa na simu ya mteja mkononi, hauna msaada.

Ningekuwa wewe ningeanzia hapo hapo Kenya, nikafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya ufundi, daraja la tatu kwanza, ambalo ndilo la chini, kisha nipande. Ujuzi wako ni mzuri, lakini hauonekani kwenye karatasi, na mambo ya Jumuiya yanakwenda kwa karatasi. Halafu wewe uko Busia, Uganda iko ng'ambo ya geti. Kaulize huko masharti ya fundi wa Kenya kabla hujatafuta nauli ya Arusha.

*Shikamoo. Nina shahada ya uhasibu, niko Dar. Kampuni ya Kigali imenipa mkataba wa mwaka mmoja. Wananiambia vyeti vya uhasibu vinatambulika Afrika Mashariki yote. Kweli? – Binti wa Tabata*

Marahaba binti yangu, na hongera. Ni kweli nusu. Mwaka 2011 bodi za wahasibu za nchi wanachama zilisaini makubaliano ya kutambuana. Wahandisi wakafuata mwaka 2012. Anayetambuliwa hapo ni mhasibu aliyesajiliwa, yaani mwenye CPA, cheti cha uhasibu cha NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania. Shahada peke yake haimo. Kama mkataba unakutaka usaini hesabu kama mtaalamu, maliza kwanza mitihani ya bodi. Kama ni kazi ya kawaida ya ofisi ya fedha, nenda.

Kibali usikiache kiwe kiporo. Mkataba unaozidi siku 90 unahitaji kibali cha kazi, na kanuni za itifaki zinataka kiombwe ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe. Mamlaka nayo ina siku 30 za kukitoa. Mwajiri anaweza kukuombea, kwa hiyo mwulize sasa hivi nani anajaza fomu, wewe au yeye, na akujibu kwa maandishi.

*Mzee, nina miaka 32, natoka Morogoro. Niliomba nafasi ya mafunzo ya vijana Kampala, wakasema nimepita umri. Huku kwetu mimi ni kijana! Na wabunge wa Afrika Mashariki tunawapigia kura lini? – Kijana bado*

Ujana wako unaishia Mutukula, mpakani na Uganda. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unasema miaka 15 hadi 35, na Tanzania inafuata hivyo. Uganda ni 18 hadi 30, Rwanda 16 hadi 30. Nchi zinazopanga mipango ya pamoja ya vijana hazijakubaliana kijana ni nani. Nimecheka, kisha nikakasirika kwa niaba yako. Kabla ya kujaza fomu nyingine, tazama kwanza umri unaotumiwa na mwandaaji.

Kura hupigi. Kila Bunge la nchi linachagua wawakilishi 9 kutoka nje ya wabunge wake, kwa miaka 5. Ukitaka kuwabana, mbane mbunge wako wa jimbo wakati wa uchaguzi huo. Ila Mahakama ya Afrika Mashariki, pale Arusha, iko wazi kwako moja kwa moja: mkazi yeyote anaweza kupinga sheria au kitendo cha serikali kinachovunja Mkataba wa Jumuiya, bila kuzimaliza kwanza mahakama za nyumbani. Sharti ni uwahi ndani ya miezi 2 tangu kitendo kifanyike au ukijue, na hapo ndipo kesi nyingi hufia.