Physcia adscendens au Physcia tenella? Angalia ncha

SWALI: Mtaalamu habari. Napenda kupiga picha zile likeni za kijivu zenye vinyweleo zinazoota kwenye matawi ya miti, sasa app ya simu mara inaniambia ni Physcia adscendens mara Physcia tenella, na ni tawi lile lile! Ni kitu kimoja au?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hapana, ni likeni mbili tofauti (likeni ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja), ila usiilaumu sana app maana hizi ni pacha kweli, zote kijivu cheupe, zote vipande vyake ni vyembamba kama milimita moja hivi, zote zina vinyweleo pembeni, zote zinapenda gome lenye naitrojeni, na mara nyingi zinaota zimechanganyika, kwa hiyo inawezekana kabisa hapo kwenye tawi lako zipo zote mbili.

Siri iko kwenye ncha za hivyo vipande. Chukua lenzi ya mkono inayokuza mara 10 halafu achana na katikati, nenda pembeni kabisa. Kwa adscendens ncha inavimba na kujikunja ikawa kama kofia ya koti, na ukichungulia ndani ya hiyo kofia utakuta unga. Kwa tenella hakuna kofia, ncha inabinuka tu kwenda juu na unga uko upande wake wa chini, uko wazi. Huo unga ndo uzazi wenyewe, yaani kila chembe imebeba nyuzi za kuvu pamoja na seli za mwani, ikipeperuka ikatua pazuri inaanza maisha bila kutafuta mwenzake, na mi naona hapo ndo penye uzuri wote wa hivi viumbe.

Kuna watu wanadondoshea kemikali ya potasiamu haidroksaidi waone rangi, lakini hapa haisaidii, zote zinageuka njano.

Shida inakuja zikiwa changa, unga bado haujatoka, hapo hata mzoefu anakwama, we andika Physcia basi, usilazimishe jina.

Na picha zako nadhani unapiga kutokea juu, ukipiga hivyo ncha zote zinaonekana sawa. Inama upige kwa ubavu, karibu kabisa, hadi uone unga umekaa wapi.