Kwa aliyeuliza kuhusu droni ya gramu 249 na picha za mafuriko

Ndugu yangu, umeuliza hivi: umenunua droni ya gramu 249, mvua zimekata barabara kwenu, kituo kimoja cha televisheni kimekwambia kitanunua picha za juu, na rafiki yako amekuhakikishia kwamba chombo chepesi namna hiyo hakihitaji kibali. Unataka kujua kama uirushe kesho asubuhi.

Usiirushe. Nitaeleza kwa urefu, maana napiga picha za habari hapa Pwani ya Kenya miaka mingi sasa, na vijana wengi huniuliza swali hilihili wakiwa tayari wameshatoa droni kwenye begi.

Hiyo hesabu ya gramu 249 si yetu. Imetoka ng'ambo. Marekani, anayerusha kwa kujifurahisha hasajili droni isiyofika gramu 250. Lakini hata huko, ukirusha kwa kazi lazima usajili chombo, hata kiwe chepesi vipi, na uwe na cheti cha rubani. Wanaotengeneza video za kusifia droni ndogo husema nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Kenya tunafuata kanuni za mwaka 2020, na hizo hupanga urushaji katika makundi matatu, A, B na C, kwa kuangalia hatari ya kazi yenyewe: unarusha wapi, juu ya nini, karibu na nani. Kuuzia kituo picha ni biashara. Biashara inataka cheti cha mwendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, kile tunachokiita ROC. Anayeshika rimoti awe na leseni ya rubani, na droni iwe imesajiliwa. Hata kuiingiza nchini kuna kibali chake. Kama yako ililetwa ndani ya begi la jamaa aliyetoka Dubai, anzia hapo kabla ya jambo lolote lingine.

Najua kanuni hizi zinachosha. Sisi tuliokuwepo kabla yake tunakumbuka hali ilivyokuwa. Kanuni za mwanzo za 2017 zilibatilishwa na Bunge, tukarudi kwenye marufuku. Septemba 2019 gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likazama na mama na binti yake, dunia nzima ilitaka kuona mkondo ule kutoka juu, na hapakuwa na njia halali ya mwandishi wa kawaida kurusha chochote. Tulisimama ukingoni siku zote zile hadi gari lilipotolewa Oktoba. Kwa hiyo mimi nazithamini kanuni za 2020 pamoja na usumbufu wake wote. Ni mlango, na zamani hapakuwa na mlango.

Sasa turudi kwenye wepesi, kwa sababu ndiyo sababu kubwa iliyonifanya nikae niandike. Januari 2025, Los Angeles ilipokuwa inaungua, ndege ya kuzimia moto iliyotoka Kanada iligongana na droni angani, ikatoboka ubawani na kuondolewa kazini ikitengenezwa wakati nyumba za watu zinateketea. Droni ile ilikuwa ya aina ya Mini, jamii hiyohiyo ya yako. Mwenyewe aliirusha kutoka juu ya jengo la kuegeshea magari ili atazame moto, ikaenda kama kilomita mbili na nusu, akapotezana nayo kwa macho. Wepesi wake haukuizuia kutoboa ubawa wa ndege.

Na mimi nilikaribia kuwa mtu wa namna hiyo. Mwishoni mwa 2023, mafuriko ya El Niño, nilikuwa upande wa Garsen. Nilikuwa narusha chini ya cheti cha kampuni yenye ROC, nimeshapiga ripoti polisi, kila karatasi ipo mfukoni. Droni ilikuwa mita tisini juu, napiga nyumba zilizobaki mapaa tu. Mhariri alikuwa amepiga simu mara tatu anataka picha kabla ya taarifa ya saa moja. Nikasikia helikopta kabla sijaiona. Mto Tana ukifurika, maji yanatandaa, sauti inatembea juu yake na huwezi kujua inatoka wapi. Msaidizi wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama anga tu na si skrini, ndiye aliyeiona: inakuja chini sana, inatafuta pahali pa kushusha chakula. Akaniambia, "Shusha." Sikuuliza. Niliiteremsha wima moja kwa moja kwenye tope, na nilipoinua kichwa helikopta ilikuwa inapita juu ya mahali palepale nilipokuwa narekodi. Kama ningekuwa peke yangu, macho kwenye simu, nisingeiona. Tangu siku ile sirushi bila mtu wa pili, na penye uokoaji sirushi kabisa mpaka nizungumze na anayesimamia operesheni, anipe muda na upande. Akisema hapana, ni hapana. Usiku ule kituo kilitumia picha nilizopiga nimesimama juu ya mnara wa tangi la maji, kwa lenzi ndefu.

Ndiyo maana nakuambia wewe, ambaye mafuriko yako kwenu hivi sasa: anga ya chini juu ya maafa ni ya waokoaji. Siku za kawaida helikopta huwa juu sana nawe una futi zako 400, yaani kama mita 120, hamkutani. Siku ya maafa mnakutana hapohapo.

Mipaka mingine uishike kichwani. Droni isitoke machoni mwako, na nasema macho yako yenyewe, si kuiona kwenye skrini. Mita 50 kutoka kwa watu, magari na majengo yasiyo chini ya usimamizi wako. Kutoka uwanja mkubwa wa ndege kilomita 10, na viwanja vidogo kilomita 7, isipokuwa umepewa ruhusa. Hii ya mwisho ndiyo inayowanasa watu wa kwetu. Chukua ramani, weka kituo kwenye uwanja wa Moi, Mombasa, uchore duara la kilomita 10. Utaona Likoni imo, na karibu kisiwa chote kimo. Lamu ni hivyohivyo, uwanja wa Manda uko ng'ambo tu ya mlango wa bahari. Ongeza kambi ya wanamaji ya Mtongwe, ongeza Ikulu ya Mombasa, uone kilichobaki. Droni ikionekana juu ya maeneo hayo hakuna atakayeanza kwa kukuuliza wewe ni mwandishi au la.

Kuhusu mikusanyiko sina maneno mengi. Mazishi, mikutano ya siasa, maandamano: usiipitishe juu ya vichwa. Desemba 2015, kwenye mashindano ya kuteleza kwenye theluji kule Madonna di Campiglio, Italia, droni ya matangazo ya televisheni ilianguka kutoka juu ikapasuka nyuma ya Marcel Hirscher akiwa kwenye mbio, hatua chache tu kutoka kwake, ila hakuumia. Wale walikuwa mafundi wa kulipwa wenye vyombo vikubwa, na bado ilianguka. Kitu kikidondoka kutoka mita 50, ukiacha ukinzani wa hewa, kinafika chini kwa kasi ya zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Simama pembeni ya umati, urushe juu ya sehemu isiyo na watu, uielekeze kamera kwao. Picha ya pembeni huonyesha ukubwa wa umati vizuri zaidi kuliko ya wima.

Jambo jingine ambalo sikuliona kwenye swali lako, nami ningependa ulifikirie: watu walio chini. Mama aliyehamia juu ya paa na watoto, nguo zimelowa, hana pa kujificha. Katiba yetu kifungu cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, na kifungu cha 31 kinalinda faragha ya huyo mama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa kazi ya habari nafasi pale penye maslahi ya umma, lakini uso wa mtu mmoja aliye uchi wa huzuni si maslahi ya umma. Piga upana wa maji, piga barabara iliyokatika, piga foleni ya mashua. Ukitaka uso wa mtu, tua, mwendee, mwamkie, muombe.

Na kwa upande wa chombo chenyewe, jifunze upepo. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, ukirusha kuelekea kaskazini droni inakimbia kwa raha, betri inaonekana imejaa, nawe unafurahi. Kurudi ni kupambana na upepo, na betri inaisha njiani. Anza kwa kwenda dhidi ya upepo ili urudi ukisukumwa. Halafu kile kitufe cha kurudi nyumbani: droni hurudi pale ilipoondokea. Nilirusha kutoka kwenye mashua karibu na Shimoni, kazi ya wavuvi, mawasiliano yakakatika, ikarudi kwa utiifu kabisa mahali mashua ilipokuwa dakika kumi nyuma, ikashuka taratibu baharini. Tuliitazama ikizama. Ukirusha kutoka mashuani uwe unabadilisha alama ya nyumbani kila mara, la sivyo zima huduma hiyo uelekeze mwenyewe. Na kimo cha kurudi kipite minazi na nyaya za umeme za mahali ulipo.

Kwa ndugu aliyeuliza chini yako kama anaweza kuvuka na yake kwenda Tanga: Tanzania ina mamlaka yake, TCAA, na Wizara ya Ulinzi nayo ina neno. Karatasi za Kenya hazikufai upande huo. Omba kabla hujavuka Lunga Lunga.

Sasa, kesho asubuhi. Mpigie mhariri wa hicho kituo, umwambie huna leseni bado. Muulize kama ana mwendeshaji mwenye ROC anayeweza kuja, nawe uwe mwenyeji wake na mtazamaji wa anga, kwa malipo mtakayokubaliana kwanza. Wewe unajua njia zisizofurika, unajua mzee wa kijiji, unajua mahali helikopta zinatua. Hayo yeye hana. Kama hakuna wa kuja, tafuta ghorofa au mnara, omba ruhusa ya mwenyewe, upande na kamera. Maji yakishapungua, uliza KCAA orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa kufundisha urubani wa droni, ulinganishe ada na muda wa masomo kabla ya kulipa. Mimi niko Mombasa. Ukifika hatua ya kuandika miongozo ya kazi kwa ajili ya cheti, niandikie kwenye ujumbe wa faragha, tutaipitia pamoja ukurasa kwa ukurasa.