Mjomba Fundi: Kanuni tisa zimenigombanisha na vijana

SWALI: Shikamoo Mjomba Fundi. Nipo Mwanga, Kigoma. Nimeandika programu ndogo ya kukagua msimbo wa Python, ile lugha ya programu. Inaupitia bila kuuendesha, inaonyesha moduli iliyoitwa bure, faili lililofunguliwa likasahauliwa, na mengineyo. Nimeiweka PyPI, ghala la mtandaoni la vifurushi vya Python, na vijana wanne wanaotengeneza mfumo wa hesabu za wauza dagaa wa Kibirizi wanaitumia. Mwezi uliopita nilitoa toleo lenye kanuni tisa mpya. Kesho yake wakaamkia makosa zaidi ya mia mbili, kazi haipiti, na ndiyo siku waliyokuwa wanakabidhi mfumo. Sasa nikisema "toleo jipya" wananuna. Nataka mapya ayajaribu anayetaka, wengine wasiguswe. Nifanyeje? — Kijana wa Mwanga

JIBU: Marahaba, mpwa. Kwanza kawaombe radhi, na usiende mikono mitupu.

Kikaguzi kina tabia yake. Kanuni inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini kwa mwenzako ni kosa jipya kwenye msimbo ambao hakuugusa. Ndiyo maana wamenuna.

PyPI ina mlango wa jambo hilo. Ukiliita toleo 2.0.0b1, pip, programu inayosakinisha vifurushi vya Python, italiruka na kumpa mtu lile imara lililotangulia. Herufi ni a kwa toleo bichi, b kwa la majaribio, rc kwa linalosubiri kupitishwa. Usijitungie "2.0-mpya", litakataliwa. Anayelitaka aandike namba yenyewe, jina la kikaguzi likifuatwa na ==2.0.0b1. Wengi watakwambia utumie --pre. Mimi siipendi, kwa sababu inafungulia matoleo ya majaribio ya kila kifurushi kinachoingia kwa amri hiyo, si chako tu.

Mimi niliungulia upande wa JavaScript. Nilipeleka toleo la majaribio npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, nikasahau kuandika --tag next, yaani lebo ya kulitenga, na enzi hizo npm ililibandika lebo ya latest bila kuniuliza. Kila aliyesakinisha siku ile akalipata. Nilikuwa hapa Tabora, Ng'ambo, umeme umekatika, nikahamisha lebo kwenye kompyuta ya kuazima huku mwenyewe akiniangalia kama mwizi.

Ila kwa kanuni tisa tu, nisingetoa hata toleo la pembeni. Ningeziweka ndani ya toleo la kawaida zikiwa zimelala. Ruff, kikaguzi kingine cha Python, hufanya hivyo: mwenye mradi haoni kanuni za majaribio mpaka aandike preview = true kwenye mipangilio yake, na akitaka zaidi anaweza kudai kila moja itajwe kwa jina ndipo iamke. Black, ile inayopanga msimbo, ina swichi kama hiyo, na mtindo wake imara haubadiliki katikati ya mwaka. Mabadiliko yaliyokomaa husubiri toleo la kwanza la mwaka unaofuata. PHPStan, kikaguzi cha lugha ya PHP, nayo huwaonjesha wanaotaka mambo ya toleo kubwa lijalo kupitia faili la mipangilio liitwalo bleedingEdge. Kwa vijana wanaonunua bando la siku, swichi ina faida nyingine: wanapakua mara moja tu.

Toleo la majaribio litunzie siku utakayobadilisha tumbo la programu, yaani sehemu inayosoma msimbo wenyewe. Hapo swichi haitoshi.

Halafu, muuza asali wa hapa kwetu akikuonjesha, anakutazama usoni. Wewe mtumiaji humwoni, kwa hiyo muulize: anatumia toleo gani, mistari ipi imelalamikiwa, na yeye alitegemea nini. Lawama za uongo ndizo unazozitafuta. Kanuni inayowasingizia watu mara kwa mara irudi jikoni, hata kama uliiandika usiku kucha. Na uwaambie mapema ni lini iliyobaki itawashwa kwa wote. Majaribio yasiyo na mwisho hakuna anayeyajaribu.

Leo usiku toa toleo linalozilaza zote tisa. Waambie wanne hao waandike namba kamili ya kikaguzi chako kwenye requirements.txt, faili linaloorodhesha vifurushi vya mradi, ili siku ukikosea tena wewe, wao walale. Kisha kaa na mmoja wao, yule aliyenuna zaidi, mpitie pamoja yale makosa mia mbili. Anzeni na ya mafaili yasiyofungwa, maana hapo nahisi kikaguzi chako hakikusema uongo.