Mama yuko TASAF, nifiche?

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza kidato cha sita, natokea kijijini wilaya ya Kongwa. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na mama ni mnufaika wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Nataka kuomba mkopo wa chuo, lakini wenzangu wananiambia TASAF nisiiandike, nitachekwa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Chuoni hakuna mwenye muda wa kusoma fomu yako. Mimi kuchekwa nilichekwa, lakini kijijini, tena na watu waliotuzidi mbuzi wawili tu.

Kwetu ni Chamwino. Siku ya malipo, kila baada ya miezi miwili, mama alivaa khanga ya kanisani, akatoa kadi kwenye mfuko wa nailoni aliokuwa akiukunja mara tatu, akaenda kupanga foleni chini ya mbuyu. Alirudi na wino kwenye dole gumba. Hela yenyewe haikuwa ya kutisha. Ukishatoa deni la mtama na madaftari, kilichobaki kilinunua mtetea mmoja. Lakini sharti la watoto kuhudhuria shule ndilo lililoniokoa. Msimu wa kuamia ndege shambani wenzangu walibakizwa nyumbani, mimi nilifukuzwa kwenda darasani: "Ukikosa shule watakata hela!" Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, ila viatu na sare havikufutwa. Hivyo vilitoka kwa kuku.

Sasa sikia ujinga wangu. Nilipojaza fomu ya mkopo mara ya kwanza nilikiruka kipengele cha TASAF. Aibu tu. Awamu zote za majina ya waliopata zikapita, langu halimo. Mwaka mzima nikarudi shambani kuamia ndege. Mwaka uliofuata nikaandika, na nikapata.

Kwa hiyo andika, na namba ya kaya uinakili kama ilivyo kwenye kadi, usiikariri. La baba lianze leo, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa: cheti cha kifo lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, na kama hamkuwahi kukichukua, mama aanzie kwa mtendaji wa kijiji. Kagua pia majina. Haya yetu ya Kigogo makarani huyaandika wanavyoyasikia, na herufi moja ikipishana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne utahangaika. Fomu ikishachapwa, utahitaji saini ya serikali ya kijiji na muhuri wa hakimu au wakili. Nauli ya kwenda mjini uitenge mapema.

Na ujue ni mkopo. Nafanya kazi hapa Dodoma mjini, kila mwezi Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi. Mama alipoiona karatasi ya mshahara akashtuka.

"Na zile za chini ya mbuyu, nazo wanazidai?"

Nikamwambia hapana, zile hazidaiwi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nina uhakika.