Nikilia na kudai haki ya marehemu, nimekosa subira?

Swali: Assalaam alaikum, sheikh. Mume wangu alikuwa mvuvi hapa Lamu. Alikufa maji msimu huu wa kusi, nami niko edani na watoto wangu wawili. Nikilia, kina mama wanaokuja kunipa pole huniambia, "Subiri, usimkufuru Mungu." Tena kuna tajiri aliyechukua samaki wa marehemu na hajalipa. Nikitaja deni, naambiwa mwenye subira humwachia Mungu. Je, nimekosa subira?

Jibu: Wa alaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mola amrehemu mumeo. Hadithi sahihi imemhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi.

Dada yangu, hukukosa subira. Mtazame Nabii Yaaqub, alayhi salaam. Alipoletewa kanzu ya Yusuf ina damu ya uongo, alisema subira ni njema. Kisha huyo huyo akahuzunika mpaka macho yakawa meupe, na wanawe wakamlaumu kama unavyolaumiwa wewe. Akawajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Wala hakukaa kitako: aliwaagiza wakamtafute Yusuf na nduguye, wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Kulia, kuomba na kutafuta, vyote vilikuwamo ndani ya subira yake. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, naye alitokwa na machozi kwa mwanawe Ibrahim, ila hakusema lisilomridhisha Mola. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kurarua nguo na kupiga mayowe ya kijahiliya.

Ama deni, hapa nasema kwa mkazo, maana wajane wetu wananyamazishwa mno kwa jina la subira. Mtume amesema mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Na pesa hizo ni mirathi. Yakishalipwa madeni ya marehemu, yako ni thumni, yaani sehemu moja katika nane. Zinazosalia ni za watoto na warithi wengine, kama wazazi wake ikiwa wahai. Haki ya yatima huna ruhusa ya kuisamehe, hata ukitaka.

Eda haikuzuii kudai. Muagize ndugu yako aende kwa tajiri huyo na daftari la marehemu, afuatane na mvuvi mwenzake anayejua hesabu. Akizungusha, nendeni kwa kadhi mfungue shauri la mirathi, awaeleze njia ya kulidai. Na kina mama hao wakija tena, waombe wakushikie watoto siku hiyo.

Wallahu aalam.